Kabla hujamuuliza mama kama ameokoka: namna ya kuzungumza na mzazi Mkatoliki kuhusu wokovu

Mwaka ule nilipohamia kanisa la Kipentekoste, nilirudi nyumbani Nyakato, hapa Mwanza, jioni moja nikitoka kwenye mkutano wa Injili katika viwanja vya Furahisha, nikamkuta mama ameketi uani juu ya mkeka akichambua dagaa, maana dagaa walioanikwa mchangani hawakosi kokoto hata muuzaji akiapa vipi. Nilimwamkia, nikachuchumaa kando yake, na kabla hajaniuliza nimetoka wapi nikamuuliza mimi: "Mama, hivi wewe umeokoka?" Hakupandisha sauti. Alitoa kokoto mbili tatu, akazitupa, kisha akasema, "Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani, na wewe nilikubeba mwenyewe kwenda kubatizwa ukiwa na miezi mitatu. Leo unaniuliza kama mimi ni mpagani?" Wiki tatu zilipita tukisalimiana tu.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye mahali nilipokuwa jioni ile, yaani mtu ambaye imani yake imeshika njia nyingine ilhali mzazi wake amebaki Mkatoliki, na ambaye anatamani kuzungumza naye habari za wokovu bila kumvunjia heshima. Anayetafuta hoja za kumshinda mzazi wake hatazipata hapa. Mimi nimebaki kanisani nilikohamia, mama amebaki parokiani kwake, na tunazungumza mambo haya karibu kila nikienda kumwona.

Anza na neno lenyewe

Nia yangu haikuwa mbaya. Neno ndilo lililoniponza. Kwetu sisi wa makanisa ya uamsho, kuokoka ni tukio lenye tarehe, na mtu husimama mbele ya watu akasema niliokoka mwaka fulani, mahali fulani, baada ya sala ya toba. Jina mlokole lilitufikia kutoka upande wa pili wa ziwa, kwa maana katika Kiganda balokole ni watu waliookolewa, nalo lilisambaa pamoja na uamsho ulioshika moto Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kushuka hadi Bukoba. Kwa hiyo mzazi Mkatoliki anapoulizwa kama ameokoka, hasikii swali kuhusu roho yake. Anasikia anaulizwa kama amehama dhehebu, na nyuma ya swali hilo anasikia hukumu kwamba maisha yake yote ya sala hayakuwa kitu.

Katika mafundisho aliyolelewa nayo, wokovu huanza katika ubatizo, hulishwa kwa Ekaristi, hujeruhiwa na dhambi na kuponywa katika kitubio, na hukamilika mbele ya Mungu baada ya kufa. Anayetangaza kwamba yeye amekwisha kufika huonekana mwenye majivuno, na katekisimu inahesabu kujitumainia kupita kiasi kuwa dhambi dhidi ya tumaini. Wewe unaita uhakika kile ambacho yeye amefundishwa kukiogopa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatufaa kuliko mahubiri mengi. Mtume Paulo anasema "tuliokolewa kwa taraja" katika Warumi 8:24, anasema "sisi tunaookolewa" katika 1 Wakorintho 1:18, na anasema "tutaokolewa" katika Warumi 5:9. Mlokole ameishika ile -li-, Mkatoliki ameishika -na- na -ta-, na Paulo alizitumia zote. Nilipomfungulia mama mistari hiyo mitatu katika Biblia yake, alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akasoma upya, kisha akasema, "Kumbe mnasomaga nusu." Nikamjibu kwamba huenda kila upande umesoma nusu yake, naye hakukataa.

Badala ya "umeokoka?", uliza swali linalompa mzazi kiti cha mwalimu: "Mama, mlipokuwa mnafundishwa katekisimu kabla ya komunyo ya kwanza, mlifundishwa nini juu ya kuokoka?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, hasa kwa sisi tuliofundishwa kushuhudia, kwa kuwa kila sentensi yake itakukumbusha mstari wa kumjibu. Usiutoe. Mzazi anayeeleza imani yake mwenyewe kwa mwanawe, pengine kwa mara ya kwanza tangu umekua, atakueleza mambo ambayo hukuwahi kuyajua hata ulipokuwa unahudumu altareni.

Jua Kanisa lake linafundisha nini, usitegemee ulichoambiwa linafundisha

Katika mikutano yetu husemwa mara kwa mara kwamba Wakatoliki wanaamini wanaokolewa kwa matendo yao. Ukimwambia hivyo mzazi anayeyajua mafundisho yake, umekwisha kuharibu mazungumzo, kwa sababu si kweli. Mtaguso wa Trento, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu ulioitishwa kuyajibu Matengenezo ya Luther, ulieleza mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoweza kuistahilisha neema hiyo. Mwanzo ni wa Mungu. Palipo na tofauti ni katika yanayofuata: Mkatoliki anasema neema humgeuza mtu kwa ndani, na matendo anayoyatenda akiwa ndani ya neema hiyo yana thamani ya kweli mbele za Mungu, na anasema pia kwamba neema inaweza kupotezwa kwa dhambi ya mauti na kurudishwa katika kitubio. Huo ndio mzozo wenyewe, nao unastahili kujadiliwa kama ulivyo.

Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT, Kanisa la Kilutheri la hapa Tanzania, ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakakubaliana katika mambo ya msingi na kuyataja yaliyobaki. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Ni jambo linalofaa kutajwa mezani, ingawa lina mpaka wake: makanisa ya Kipentekoste hayamo kati ya waliolitia saini, kwa hiyo usilitumie kana kwamba lilisainiwa na mchungaji wako.

Jambo jingine ni ile kauli kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Wazazi waliofundishwa na makatekista wa zamani, kwa maswali na majibu ya kukariri, wengine wanaishika kwa ukali, na huenda hofu kubwa ya mama yako ni kwamba umejipoteza milele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba waliobatizwa wasio Wakatoliki wameunganishwa kweli na Kristo na Kanisa kwa namna nyingi, ingawa si kwa ukamilifu. Hukumu kali iliwekwa kwa yule anayejua kwamba Kanisa Katoliki ni la lazima na bado akakataa kuingia au kudumu ndani yake. Kipengele hicho cha mwisho kinakugusa wewe uliyehama, usijifanye hukukiona. Wala usimtupie mzazi mtaguso wake usoni; ni afadhali kusema, "Mama, hebu siku moja mwulize padri hili," kwa kuwa likitoka kinywani mwa padri atalipokea, na likitoka kwako litakuwa ujuaji.

Kuhusu Bikira Maria nitasema kidogo, kwa kuwa ndiko vijana wetu wanakokimbilia kwanza na ndiko wanakokosea zaidi. Sikiliza Salamu Maria hadi mwisho: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Anayeisali anaomba aombewe. Swali la haki kwa mzazi ni kwa nini anaamini kwamba waliokufa katika Kristo wanatusikia. Kumwambia anaabudu sanamu ni tusi, na baada ya tusi hakuna atakayekusikiliza.

Na kabla ya kusema "hilo halimo katika Biblia", hakikisha unazungumzia Biblia ipi. Yake ina vitabu 73 na yako 66. Kuwaombea marehemu kumo katika yake, katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Hata amri kumi mnazihesabu tofauti: waheshimu baba yako na mama yako ni ya nne kwake, kama ilivyo kwa Walutheri, na ya tano kwa makanisa mengi mengine ya Kiprotestanti. Nimewahi kushuhudia mabishano marefu yaliyotokana na hesabu hiyo tu, kila mmoja akidhani mwenzake hajui amri za Mungu.

Saa, mahali, na njia ya kuingilia

Usiyaanze mazungumzo haya ukitoka kwenye ibada yako ungali na moto wake, wala asubuhi ya Jumapili mzazi akijiandaa kwenda misa ya kwanza, wala msibani. Usiyaanze mbele ya ndugu zako, kwa sababu mzazi mbele ya watoto wengine hawezi kukubali hata lililo dogo. Siku ya jumuiya, Wakatoliki wa mtaa wanapokutana kusali, usimguse kabisa. Pengine ametoka kuulizwa na wenzake mbona mwanao siku hizi haonekani, na swali hilo humuuma kuliko unavyodhani.

Mazungumzo mazuri huja mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani: mkichambua mchele, mkimenya mihogo, au mkiwa kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ambamo hakuna pa kwenda kwa saa kadhaa. Ingia kupitia historia. Muulize nani alikuwa wa kwanza kubatizwa katika ukoo, na alibatizwa wapi. Kwa familia nyingi za Kikatoliki za upande huu jibu litaelekea Bukumbi, kusini ya Mwanza, ambako Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikaa mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda. Waongofu wao waliobaki Buganda hawakuwa na padri hadi mapadre waliporejea mwaka 1885. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe na kusali wenyewe. Kati ya Wakristo hao wa mwanzo walitoka mashahidi wa Uganda waliouawa miaka ya 1885 hadi 1887, na wale 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Mama yako anawaadhimisha kila tarehe 3 Juni. Muulize watu wale walishikwa na nini hata wakakubali kuchomwa moto. Atakapokujibu mtakuwa mmefika kwenye wokovu, na hakuna atakayekuwa amemshtaki mwenzake.

Kwa baba mara nyingi njia ni nyingine. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa hawapendi kushtukizwa na neno zito na mtoto wao, na ni busara kumtanguliza baba mdogo au shangazi aseme, "Mwanao ana jambo la moyoni, hana ugomvi." Ukiitwa, keti, na acha aseme kwanza.

Hofu iliyo chini ya maneno

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mama hakuwa akinibishia mafundisho. Mara ya pili tulipozungumza, miezi kadhaa baada ya ile siku ya dagaa, nilikuwa nimejiandaa kwa Waefeso na Warumi, naye akaniacha niseme hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Nikifa, utaniombea misa?"

Kwa mzazi Mkatoliki hilo si swali la pembeni. Amekaa jumuiyani miaka yote, ametoa zaka, amekwenda kuzika wenzake na sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akijua kwamba siku yake itakapofika padri atakuja, jumuiya itakesha, na watoto wake wataendelea kumwombea. Anaamini toharani ipo na kwamba sala za walio hai zinawafaa waliotangulia. Mtoto anayehama, kwa hesabu yake, ni mtu mmoja aliyepungua kati ya watakaomwombea. Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana familia nyingi zina mtu wao kati ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ambao wengi wao wamezikwa Igoma. Walikufa bila padri, na bila sala ya toba ya kwetu pia. Kama mzazi wako ana marehemu wa namna hiyo, usijadili naye toharani kama mada ya darasani. Misa anayomtolea ndugu yake kila mwaka ndilo tumaini alilonalo, na kama huliamini unaweza kukaa kimya bila kusema uongo.

Mimi nilimjibu hivi: "Nitakwenda kwa padri, nitaandikisha nia ya misa, nitatoa sadaka yake, na siku hiyo nitakaa benchi la mbele. Komunyo sitapokea." Akasema, "La komunyo nalijua," akaendelea na kazi. Ahadi uitoe ile tu utakayoitimiza. Ukiona dhamiri yako haikuruhusu hata kuandikisha nia, sema utahudhuria, na useme mapema, ili asije kuliona siku akiwa mgonjwa kitandani.

Jambo jingine linaloumiza, nalo hutendwa kwa haraka, ni ubatizo wa pili. Makanisa mengi ya huku hubatiza ziwani, na kwa anayezamishwa ni siku ya furaha. Kwa mama yako, Mkatoliki anayeamini kwamba ubatizo hutia rohoni chapa isiyofutika, umetangaza kwamba kile alichokifanya alipokubeba kwenda kanisani kilikuwa maji tu. Tena anajua kwamba Kanisa lake halimbatizi upya Mlutheri aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, kwa hiyo anaona kwamba yeye amewapa wengine heshima ambayo mwanawe amemnyima. Ikiwa umekwisha kubatizwa ziwani, mweleze mwenyewe kabla hajaletewa picha na jirani. Mweleze ulichokiona katika Maandiko kuhusu kuamini na kubatizwa, kisha mshukuru kwa siku ile aliyokupeleka, kwa kuwa ndiye aliyekuonyesha kwanza kwamba mtoto ni wa Mungu. Mimi nilichelewa katika hili, na picha ilifika kabla yangu.

Mnapofikia Maandiko yenyewe

Tumieni Biblia yake. Ukifungua yako, yenye mistari iliyopigwa rangi, utaonekana umekuja na hati ya mashtaka. Someni kifungu kizima, si mstari uliokatwa. Sisi tunapenda kuishia Waefeso 2:9, pale panaposema wala si kwa matendo. Songeni hadi mstari wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Yeye naye atakupeleka Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo na si kwa imani peke yake. Usikwepe. Mwambie unavyoielewa, na ukiona hukuielewa vizuri, kiri. Petro alipowataka waamini wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, aliongeza "kwa upole na kwa hofu", na nimeona wahubiri wengi wakiinukuu nusu ya kwanza peke yake.

Unapoeleza imani yako, eleza lililokupata wewe. "Mama, nilikuwa nakunywa, nikaomba, nikaacha" ni neno ambalo hawezi kulibishia, na moyoni atafurahi hata kama hatasema. "Kule kwenu hakuna Roho" ni neno litakalomfunga masikio.

Sauti zikianza kupanda, acha. Sema, "Mama, tuishie hapa leo, Jumamosi nitakuja," na Jumamosi uende kweli, hata kama ni kumpelekea sato tu bila kutaja dini. Ikitokea akasema hakupi radhi, usimjibu kwa Mathayo 10:37, ule mstari wa anayempenda baba au mama kuliko Kristo. Vijana wetu hupewa mstari huo mapema mno. Radhi ya mzazi haitolewi wala kuondolewa kwa sentensi moja ya hasira. Mwitikie, nyamaza, na umwombe msamaha kwa namna ulivyosema, hata kama hukosi amani kwa ulichokisema.

Kuna mambo madogo yatakayosema zaidi ya mazungumzo yenu. Familia ikisali rozari, kaa nao. Husemi maneno usiyoyaamini, lakini huondoki. Akikuomba uombee chakula, omba kwa kifupi, usiligeuze kuwa mahubiri ya kumlenga. Harusi za kanisani na misa za ndugu, nenda, simama wanaposimama, na kwenye komunyo baki mahali pako bila kutafuta kuonekana.

Oktoba iliyopita, mwezi wa rozari, mama aliniomba nisome somo kwa sababu miwani yake imechoka. Nilisoma, akanisahihisha mara moja. Baadaye alinituma parokiani niandikishe nia ya misa kwa ajili ya babu, tena kwa jina langu. Katibu aliandika jina, akapokea sadaka, akaniuliza natoka jumuiya gani. Nikamtajia ya mama.